LIKIZO MALAYSIA: MAANDALIZI YA MSAFIRI ANAYEJUA KISWAHILI

Mwaka huu sikuandika shairi kama ilivyo desturi ya wengi wetu katika jarida hili. Nimewaletea somo, na somo lenyewe lahusu safari. Najua kuna watakaocheka. Sisi wa shule ya kutwa, ambao nauli ya matatu peke yake ni vita kila asubuhi, likizo ya Malaysia inatuhusu nini? Subirini kidogo.

Shangazi yangu ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Yeye na mama wengine watatu, wawili wauzaji sokoni na mmoja mshonaji, wana chama chao. Kwa miaka mitatu kila mmoja ameweka shilingi 1,200 kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe, ili nao wapande ndege angaa mara moja maishani, waende mahali ambapo hakuna mtu wa kuwauliza chakula kiko wapi. Pigeni hesabu: ni shilingi 187,200 kwa kila mama. Hizo si hela za mchezo. Mmoja wao akirudishwa uwanja wa ndege kwa kukosa karatasi, hakuna wa kumfidia. Walipopiga kura, Malaysia ikaishinda Dubai kwa kura tatu kwa moja. Ndipo shangazi akanigeukia akasema, "Mwanangu, wewe si ndiye mtu wa vitabu na Kiswahili? Tutafutie yote tunayopaswa kujua, uwe ukitusomea Jumapili." Niliwasomea Jumapili nne. Haya ni yale niliyowasomea, nikiongeza machache ambayo wanachama wa Kiswahili watayafurahia kuliko wao.

Tuanze na nchi yenyewe. Malaysia ina sehemu mbili zilizotengwa na bahari. Moja ni rasi iliyo kusini mwa Thailand, na nyingine ni majimbo ya Sabah na Sarawak katika kisiwa cha Borneo. Mji mkuu, Kuala Lumpur, uko kama digrii tatu kaskazini mwa ikweta. Hapa Nakuru ikweta iko jirani, lakini sisi tuko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, ndiyo sababu asubuhi twavaa sweta. Ikweta ya kule ni ya tambarare: joto hupita nyuzi 30 mchana, hewa imejaa unyevu, na alasiri nyingi radi hupiga mvua ikanyesha kwa kishindo kisha ikakatika. Aliyewahi kukaa Mombasa mwezi wa Aprili amekaribia kuelewa.

Swali la kwanza la msafiri ni lini. Hapa ndipo nilipopata raha ya kwanza. Neno la Kimalei la majira ya mwaka ni musim. Ndiyo, ni msimu wetu huu huu! Sisi na wao tulilipata kwa Waarabu, mabaharia waliokuwa wakihesabu miezi kwa pepo. Kwetu pwani pepo hizo ni kaskazi na kusi, na kule pia ni mbili, tena za pande zizo hizo, ila kazi zake hazifanani. Kaskazi ya kwetu hutuletea jua kali la Januari. Kule, pepo za kaskazini mashariki hupita juu ya Bahari ya China Kusini, zikabeba maji, zikayamwaga pwani ya mashariki, yaani Kelantan na Terengganu, kuanzia Novemba hadi Februari au Machi. Visiwa vizuri vya upande huo, Perhentian na Redang, karibu hufungwa kabisa wakati huo. Bahari huchafuka, mashua zikawa chache, na hoteli nyingi zikafunga milango. Wakati uo huo, upande wa magharibi, kisiwa cha Langkawi kinaota jua.

Basi likizo ya Desemba si likizo ya Perhentian. Mama mmoja alikuwa ameona picha ya kisiwa hicho kwenye simu, maji ya kijani kama chupa, akataka waende Krismasi. Nilimwonyesha mwelekeo wa pepo katika ramani ya atlasi. Akanitazama, akatazama ramani, akasema, "Kumbe ningelipa kwenda kutazama mvua?" Wakakata shauri kwenda Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Agosti nayo ina dosari yake, kwani miaka mingine moshi wa mioto ya misitu na mashamba kutoka Sumatra huvuka bahari ukafunika miji ya magharibi, kama ilivyokuwa mwaka wa 2015 na 2019. Mwenye pumu asisahau dawa yake.

Sasa tuje kwenye lugha. Wengi hudhani kwamba mbali ni mbali, na kwamba mtu akitoka Kenya akafika Asia ya Kusini Mashariki atabaki bubu asipojua Kiingereza. Kiingereza kinafahamika sana mijini, ni kweli. Lakini tazameni fomu ya kawaida ya Kimalei. Pa kwanza pameandikwa Nama, yaani jina. Halafu Umur, ambayo ni umri. Halafu Tarikh lahir, na tarikh ni tarehe, kwa hivyo ni tarehe ya kuzaliwa. Halafu Alamat, ambayo si alama hasa, ni anwani, lakini anwani ni nini kama si alama ya mahali mtu anapokaa? Hotelini, pa kujiandikisha wageni, huandikwa Daftar masuk. Masuk ni kuingia, na daftar hamhitaji kamusi, ambayo kwao pia ni kamus. Kuala Lumpur yenyewe ni Wilayah Persekutuan, wilaya ya shirikisho. Mtaani mtaona teksi, tiket, polis na stesen, na Alhamisi ni Khamis, na Ijumaa ni Jumaat.

Salamu nazo? Mtu huulizwa, "Apa khabar?" Apa ni "nini" au "gani". Kwa hiyo ni "Habari gani?" neno kwa neno! Jibu ni "Khabar baik", habari njema. Asubuhi husema "Selamat pagi", na hiyo selamat ni ndugu wa salama. Ukishukuriwa unajibu "Sama-sama", nasi twaelewa bila kufundishwa kwamba mambo ni sawa. Wao pia hupenda kurudufu maneno kama sisi tusemavyo polepole na sawasawa. Hata kusoma si kazi kubwa, maana irabu zao zakaribia zetu, isipokuwa e ambayo mara nyingi humezwa nusu. Herufi c yao husomwa ch, kwa hivyo roti canai, ambayo ni binamu wa chapati, ni "chanai". Zamani Kimalei kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kama Kiswahili cha babu zetu wa pwani.

Msifikiri maneno hayo yaliruka yenyewe. Bahari ilikuwa njia. Mreno Tomé Pires, aliyekaa Melaka kati ya mwaka wa 1512 na 1515, aliandika orodha ya watu waliofanya biashara katika bandari ile, na ndani yake wamo watu wa Kilwa na Malindi. Yaani kabla ya ndege na pasipoti, watu wa pwani yetu walikuwa wakijulikana sokoni Melaka. Nilipofika hapo nilifunga kitabu kidogo nikawaza.

Wareno nao wametuachia ukoo wa maneno. Waliishambulia Mombasa mwaka wa 1505, wakaiteka Melaka mwaka wa 1511. Melaka walijenga ngome iliyoitwa A Famosa, ambayo leo limebaki lango tu. Kwetu wakaanza Fort Jesus mwaka wa 1593. Ndiyo maana sisi tukasema meza na wao wakasema meja. Bendera ni bendera huku na huko, bila hata kubadilisha herufi. Nanasi letu ni nanas lao. Lililonishangaza zaidi ni gereja. Kwa Kimalei gereja ni kanisa, kutokana na igreja ya Kireno. Wanaisimu husema gereza letu limetoka kwa neno lilo hilo! Wareno walikuwa na kanisa ndani ya ngome, jina likashika jengo zima, na baadaye Fort Jesus ikatumika kuwa jela tangu mwaka wa 1895 hadi 1958. Mzizi ni mmoja, lakini kule watu huenda kusali na huku watu hufungwa. Msafiri Mkristo akiona mshale ulioandikwa Gereja asitoroke.

Hapo sasa tumeingia katika mitego, na mwanafunzi hodari asome sehemu hii mara mbili. Neno likifanana na letu si lazima liwe letu. Kuku kwa Kimalei ni ukucha. Anayetaka kuku wa kula aseme ayam. Pipi ni shavu, susu ni maziwa, mata ni jicho, na kaki si nguo ya polisi bali ni mguu. Lima ni tano, dua ni mbili. Kwa hiyo mchuuzi akikwambia dua hakuombei, anataka ringgit mbili. Mahal si mahali. Ni ghali, na ni neno zuri kulijua sokoni, ukilisema polepole huku ukitikisa kichwa. Maji ni air, tena hutamkwa kwa herufi zake, a-i-r, kama Kiswahili. Nasi si sisi na wala si nazi, ni wali. Ajabu ni kwamba chakula chao mashuhuri, nasi lemak, ni wali uliopikwa kwa tui la nazi. Huletwa na samaki wadogo waliokaushwa mfano wa omena, njugu, tango, yai na pilipili iliyosagwa, na mara nyingi hufungwa katika jani la mgomba. Kwa hivyo nazi imo, ila jina lake limejificha.

Mtego mkubwa kuliko yote ni wa ndugu. Kwetu ukimwita msichana wa hotelini "dada" umemheshimu. Kwa Kimalei dada ni kifua. Kwenye orodha ya vyakula utaona dada ayam, nacho ni kidari cha kuku, na hapo hapana ubaya. Lakini kumwita mwanamke hivyo, la hasha! Dada mkubwa kwao ni kakak, au kwa kifupi kak. Yaani neno lililo karibu na kaka yetu ndilo la kumwitia dada! Kaka mkubwa ni abang. Mama wa makamo huitwa mak cik na mzee pak cik, nao hufurahi kuitwa hivyo kama mama zetu wanavyofurahi kuitwa mama. Nilipowasomea haya wale mama wanne, walicheka hadi chai ikamwagika, na tangu siku ile mshonaji huitwa Kak na wenzake.

Kiswahili, hata hivyo, hakiwezi kumpiga mtu chanjo wala kumgongea muhuri. Kimalei kina neno hati, nalo ni ini, ambalo kwao ndilo moyo wa hisia, na hati-hati ni "jihadhari". Kwetu hati ni karatasi rasmi. Niliyaweka pamoja nikawaambia mama: hati zenu, hati-hati.

Ya kwanza ni pasipoti. Iwe na angalau miezi sita ya uhai kuanzia siku ya kuingia. Kwa matembezi mafupi Mkenya haombi viza ya Malaysia, lakini masharti ya viza hubadilika bila kubisha hodi, kwa hivyo mtu aulize ubalozi wa Malaysia ulioko Nairobi kabla ya kulipa nauli, si baada. Awe na tikiti ya kurudi, na aweze kuonyesha atalala wapi na ana pesa za kutosha. Tangu mwanzo wa mwaka wa 2024 mgeni hujaza fomu ya kuingia kwa intaneti, ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Fomu hiyo ni bure. Zipo tovuti za wajanja zinazotoza pesa kwa kuijaza, na mama mmoja alikuwa ameshatumiwa kiungo cha tovuti kama hiyo. Tuliifuta papo hapo.

Ya pili ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hapa nataka tusimame kidogo, kwa sababu nilisikia kwa masikio yangu mtu akisema ati cheti chaweza kununuliwa bila sindano. Kenya imo katika orodha ya nchi ambazo ugonjwa huu unaweza kutokea. Malaysia haina homa ya manjano, lakini ina mbu yule yule anayeweza kuisambaza. Mgonjwa mmoja akiingia, akaumwa na mbu, moto umewashwa katika nchi ya mamilioni ya watu ambao hawajachanjwa. Ndiyo maana wanakikagua cheti mlangoni. Chanjo huhesabiwa kuanza kazi baada ya siku kumi, kwa hiyo anayechanjwa siku mbili kabla ya safari amechelewa. Jambo la kufurahisha ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hutumika maisha yote. Shangazi alichanjwa mwaka wa 2018 alipokwenda kumwona rafiki yake Ghana, na kile kitabu cha manjano amekihifadhi ndani ya Biblia.

Mbu huyo ana kazi nyingine. Ndiye anayeeneza dengue, ambayo watu wa pwani yetu wanaijua kwa jina la kidingapopo, na ambayo Malaysia huuguza watu wengi kila mwaka. Wako wanaisimu wanaosema hata neno dengue lilitokana na Kiswahili, kutoka kidinga, likapitia kwa Wahispania wa Karibi na kurudi duniani likiwa limevaa nguo nyingine. Msafiri ajue kwamba mbu huyu huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, na chandarua cha usiku pekee hakimzuii. Dawa ya kupaka, mikono mirefu, na kuangalia maji yaliyotuama karibu na chumba ndiyo kinga. Mtu akipata homa na maumivu ya viungo, asimeze aspirini ng'o, maana inaweza kuzidisha kutokwa na damu. Amwone daktari, na kwa maumivu atumie parasetamoli. Akishika homa baada ya kurudi nyumbani, amweleze daktari alikotoka.

Ya tatu ni mzigo, na Jumapili ya mzigo ndiyo iliyokuwa nzito. Nilikuwa nimefika kwenye sheria. Malaysia ina Sheria ya Dawa za Hatari ya mwaka wa 1952. Hadi 2023 kulikuwa na makosa ambayo hukumu yake ilikuwa kifo kwa lazima. Mwaka huo bunge likaondoa ulazima, likamwachia jaji nafasi, lakini kifo chenyewe bado kimo katika sheria ya ulanguzi wa dawa za kulevya. Nikasoma pia habari ambayo sote tuliisikia mwezi wa Machi 2025, kwamba mahakama ya Vietnam, nchi nyingine ya upande huo huo, ilimhukumu kifo mwanamke Mkenya aliyekamatwa mwaka wa 2023 na dawa za kulevya mzigoni.

Nilipomaliza, mshonaji hakusema kitu. Kisha akauliza, sauti ikiwa chini, kama nguo za mtoto na dawa za mitishamba pia ni hatari. Kumbe kulikuwa na bwana mmoja aliyemwahidi kumlipia nusu ya nauli endapo angembebea begi dogo ampelekee ndugu yake Kuala Lumpur. Begi lingeletwa siku ya safari, limeshafungwa. Yeye alikuwa na karo ya watoto wawili, na nusu ya nauli ni pesa nyingi kwa mtu anayekata vitambaa hadi usiku wa manane. Hakuna aliyemkaripia. Shangazi alimuuliza jambo moja tu: "Kama ni nguo za mtoto, mbona asizitume kwa posta?" Mshonaji akatazama mikono yake kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata alituambia amempigia yule bwana simu na kumkatalia, na kwamba alitukanwa. Chama kikamkopesha ya karo, atalipa kidogo kidogo hadi mwakani.

Kwa hivyo kanuni tuliyoiandika daftarini ni hii: kila mama afunge begi lake mwenyewe, alitie kufuli, lisimtoke machoni, na asibebe hata barua ya mtu. Dawa zake mwenyewe zikae katika pakiti zake za asili pamoja na karatasi ya daktari. Ndege nyingi za kutoka Nairobi hupitia Dubai, Doha au Addis Ababa, na sheria za huko njiani nazo humhusu msafiri.

Yaliyobaki ni mepesi. Umeme wao ni kama wetu, plagi ya meno matatu bapa, kwa hiyo chaja ya nyumbani inaingia ukutani moja kwa moja, na magari hupita kushoto. Saa zao ziko mbele yetu kwa tano: wao wakiwa saa mbili usiku, sisi ni saa tisa alasiri. Anayempigia simu mama aliyesafiri asisubiri hadi baada ya taarifa ya habari ya usiku. Pesa ni ringgit, na senti yao ni sen. Tangu mwaka wa 2017 mgeni hutozwa hotelini kodi ya utalii ya ringgit 10 kwa kila chumba kila usiku, mbali na bei aliyolipa, kwa hivyo mama hawa wameamua kulala wawili wawili. Terengganu, walikochagua kupandia mashua ya Perhentian, mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi, si Jumamosi na Jumapili. Mwenye shida ya benki aimalize Alhamisi.

Mavazi yawe ya pamba, mepesi, lakini yasiwe ya kuaibisha. Uislamu ndio dini rasmi, na wapo pia Mabudha, Wahindu na Wakristo wengi. Leso mbili za pwani zinatosha kwa mengi: kujifunika msikitini, kujitanda kwenye mabasi yenye baridi ya mashine, na kukalia ufuoni. Viatu huvuliwa mlangoni mwa nyumba ya mtu. Chakula na zawadi hutolewa kwa mkono wa kulia. Ukimwonyesha mtu njia usinyooshe kidole cha shahada, tumia kidole gumba cha mkono wa kulia, vidole vingine vikiwa vimekunjwa. Mama wa sokoni, ambao kazi yao ni kunyoosha kidole siku nzima, wamekuwa wakifanya mazoezi kwa kuonyeshana sukari mezani.

Nao Kuala Lumpur wana siku mbili tu. Wataona minara pacha ya Petronas, mita 452, na Batu Caves, hekalu la Wahindu ndani ya mapango ambalo hupandwa kwa ngazi 272. Shangazi ana magoti mabovu lakini ameapa atazipanda. Melaka hawafiki, na hilo peke yake ndilo linalonisikitisha, maana ningependa mtu aniangalilie lile lango la Wareno.

ZOEZI. Maneno yafuatayo ni ya Kimalei. Bila kumwuliza mtu, andika neno la Kiswahili lenye asili moja nalo, kisha ueleze kama maana ya maneno hayo mawili bado ni ile ile.

akal, asli, hakim, huruf, ilmu, kertas, miskin, rezeki, roh, saat, sabun, waktu.

Kuna moja katika orodha hiyo ambalo litawadanganya walio na haraka. Majibu tutayasahihisha katika mkutano wa kwanza wa muhula ujao. Aliye na kamusi kubwa aje nayo, ile ya maktaba imekosa kurasa za herufi S.